"Ni Programu Ilivuka Yenyewe"

Wimbo wenyewe ulikuwa wa dakika 3 na sekunde 11. Mimi niliucheza kwa sekunde 40 hivi.

Ilikuwa Nchiru, sherehe ya kuwaaga wanaomaliza chuo, kwenye ukumbi mdogo wa mabati karibu na barabara ya Meru kwenda Maua. Ni ile barabara ambayo pikapu za miraa hupita mbio hadi vioo vya dirisha vinatetemeka. Nilikuwa na laptopu ya mkono wa pili, spika mbili za kukodi na Mixxx, programu ya ma-DJ isiyolipiwa hata shilingi, na kwa mwanafunzi hiyo ni sifa ya kutosha. Mchana, jirani yangu wa hosteli alikuwa ameniletea flashi. Ndani kulikuwa na wimbo mmoja tu, wa Kimeru, aliourekodi mwenyewe kwa gitaa la kuazima. "Budaa, weka watu wakishachangamka," akaniambia.

Nikaweka. Kufumba na kufumbua, wasichana watatu waliokuwa mbele wakaketi. Nikabonyeza kitufe, wimbo ukayeyuka, amapiano ikaingia, wakainuka tena. Mambo yakawa fiti.

Kumbe yule msee alikuwa amesimama kando ya spika, simu juu, mamake akiwa upande ule mwingine wa laini anasikiliza.

Aliponijia baadaye nilimjibu bila hata kufikiri: "Ah, ni programu ilivuka yenyewe. Nilikuwa nimeweka Auto DJ."

Hiyo sentensi imekaa nami kuliko nilivyotarajia, hasa kwa sababu nusu yake ni kweli. Auto DJ ilikuwa imewashwa. Ukiiwasha, unapanga nyimbo kwa foleni na kuchagua sekunde za kuvuka, mimi huweka 10, halafu programu yenyewe inashusha mmoja na kupandisha unaofuata. Unaweza kwenda kununua smokie na urudi. Lakini ikiachwa, husubiri wimbo ukaribie mwisho. Haina kiburi cha kuamua kwamba mtu amechosha watu. Kuna kitufe kingine pembeni, cha kuiambia ianze kuvuka sasa hivi, na hicho nilikibonyeza mimi. Mashine ilifanya ule ulaini tu.

Na ulaini ndio shida. Zamani DJ akikata vibaya, kila mtu alisikia mkono wake: sahani ikikwaruza, midundo miwili ikigongana kama masufuria. Tarehe 11 Agosti 1973, kule Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyeitwa Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dadake. Anakumbukwa kwa ufundi wa kutumia nakala mbili za sahani moja ili kurefusha kile kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda. Kwa hiyo usiniambie kukata ni dhambi. Hip hop nzima imetoka kwa watu waliochagua kipande wakaacha kilichobaki. Ila mkono wao ulionekana, na wakikosea, umati ulijua wa kumzomea ni nani. Leo programu inahesabu midundo kwa dakika, inalinganisha, inavuka polepole, na hakuna anayesikia uamuzi ulipofanyika. Hata mimi niliyeufanya, sekunde 10 baadaye nilishausahau.

Rafiki yangu mmoja, DJ pia, aliposikia kisa hiki alinicheka. Akasema: manze, ulilipwa kuchezesha watu, si kulea nyimbo. Watu mia wamekaa kwa sababu ya mtu mmoja, utafanya aje? Kuna ukweli hapo na siwezi kuupuuza. Hakuna wimbo ulio na haki ya kusikilizwa hadi mwisho, hata wa rafiki. DJ anayeogopa kukata ni redio tu. Kama ningemwambia jirani yangu, "Nimeukata, sakafu ilikuwa inapoa," angekasirika, tungebishana, labda asiniongeleshe wiki nzima. Lakini angekuwa na mtu wa kubishana naye. Nilimnyima hata hicho. Nilimpa programu, na programu haina uso.

Unaijua hii lugha, hata kama hujawahi kugusa deki (ya DJ, si ya kupigwa kwa maji na sabuni). Mwaka 2024 wanafunzi wapya wa vyuo vikuu Kenya walipangwa katika benda tano za ufadhili, kwa fomula. Mtu akijikuta kwenye benda ambayo kwao hawawezi kuilipia, neno alilolikuta mbele yake lilikuwa "sistimu". Sistimu imekuweka hapo. Lakini fomula haijiandiki. Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti akaamua kipi kihesabiwe na kwa uzito gani, kisha ile hesabu ikateleza polepole hadi asionekane tena. Sisi makomredi tulilaani maneno hayo kila jioni. Halafu mimi, kwa jambo dogo kama wimbo, nikayatumia yaleyale na ulimi haukusita.

Nimejaribu pia kujitetea kwa kifaa chenyewe. Krosifeda, kile kitelezi cha katikati, imeundwa hivyo: ukisogea kulia, wa kushoto anapungua. Mmoja akipata, mwingine anapoteza, basi si mimi, ni umbo la kitu. Lakini huo utetezi haufiki mbali. Mixxx inakuruhusu kuchagua mkunjo ambao, kitelezi kikiwa katikati kabisa, kila upande unabaki na asilimia 71 hivi ya kimo chake, si 50, kwa sababu sauti mbili tofauti hujumlishwa kwa nguvu zake. Katikati pana nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Tena kando ya krosifeda kila deki ina kitelezi chake cha sauti, kisichomnyang'anya mwenzake chochote. Ningeweza kuingiza mdundo wa amapiano chini ya lile gitaa nikauacha wimbo upumue dakika moja zaidi. Pengine ungetoka vibaya. Sikujaribu.

Kitu kingine, na hiki nimekigundua nikiwa peke yangu na ile laptopu. Programu hukuonyesha wimbo kama picha: mawimbi membamba pale palipo kimya, manene pale palipochangamka. Wimbo wa jirani yangu unaanza mwembamba, gitaa na sauti tu. Ngoma zinaingia dakika 1 na sekunde 12. Hiyo sehemu nene ilikuwa kwenye skrini usiku ule, mbele ya macho yangu, ikinisubiri. Niliangalia ile picha nyembamba, nikaangalia wale wasichana, nikabonyeza. Masikio sikuyatumia kabisa.

Wiki mbili baadaye tulikutana kwa kibanda cha chapati pale senta, mvua ikinyesha, hakuna wa kukimbia. Nikamwambia. Kwamba Auto DJ haikuvuka yenyewe, kwamba nilibonyeza mimi, kwamba nilidanganya. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Nilijua," akasema. "Hiyo Mixxx pia mimi niko nayo."

Nikanyamaza. Akauliza, "Kwani ulikuwa mbaya?"

Nikataka kusema hapana, la hasha, ulikuwa mkali. Ingekuwa rahisi, na mvua ilikuwa inaisha.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuwa nimeusikiliza."