Ndigana Mbili

Mtamba wa dada yangu alikufa Mabamba, wilayani Kibondo, mwaka ambao mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa chotara wa maziwa, wa kwanza katika ukoo wetu, amenunuliwa kwa fedha za maharage ya misimu miwili. Alipoacha kula, shemeji alimwita kijana wa jirani anayezunguka na dawa za mifugo kwenye begi. Kijana akauliza anaumwa nini. Shemeji akajibu, "Ndigana." Basi akachomwa sindano ya oksitetrasaiklini siku tatu mfululizo. Siku ya nne tezi ya chini ya sikio ilikuwa imevimba kama parachichi changa, anahema kwa taabu, povu linamtoka puani. Siku ya tano hakuamka.

Wiki moja baadaye daktari wa mifugo wa wilaya alipita kijijini kwa shughuli nyingine, akaelezwa habari ile. Mpwa wangu alikuwepo, ameshika ndoo ya maji. Daktari akawaambia kwamba ndigana ni mbili. Iko ndigana baridi, ambayo dawa aliyochomwa yule mtamba huiweza. Na iko ndigana kali, ambayo vimelea vyake huletwa na kupe anayependa kujificha ndani ya sikio. Hii ikishamlaza ng'ombe, oksitetrasaiklini haimwinui. Dawa yake ni buparvakwoni, nayo iwahi, kabla mapafu hayajajaa maji. Ng'ombe wa asili waliozaliwa penye kupe huwa na kinga kiasi, lakini chotara huondoka haraka.

Usiku ule mpwa wangu alimwambia mama yake maneno ambayo dada alinisimulia mara nyingi: "Tulitibu jina." Tangu hapo hakutaka kazi nyingine duniani.

Mimi ni mwalimu, nakaa Kasulu. Katika ukoo wetu mwalimu ndiye hupelekewa karatasi zote: barua za mahakama, fomu za mikopo, matokeo ya mitihani. Mpwa wangu alipofaulu kwenda kidato cha tano kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia, shemeji alikuja kwangu na jogoo na kusema, "Shemeji, huyu sasa ni wako." Nikampokea. Kwa hiyo lililotokea baadaye silipeleki kwa mtu mwingine.

Alimaliza kidato cha sita, akapangiwa kambi ya mbali ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Watoto wengi huwa bado makambini matokeo yanapotoka mwezi wa saba, na dirisha la udahili hufunguliwa wakiwa huko huko. Kabla ya kupanda basi aliniachia karatasi aliyoikunja mara nne. Ndani aliandika kwa kalamu nyekundu: Udaktari wa Mifugo, Morogoro. Hakuandika neno jingine. Nami nikaona karatasi ile ni fupi mno kwa jambo kubwa kama chuo kikuu.

Matokeo yakatoka, alama zake zikatosha. Nikaenda kwenye duka la steshenari mjini Kasulu, yule dada wa kwenye kompyuta akanijazia. Namba ya simu tuliyoweka ni yangu, kwa kuwa mtoto hakuwa na simu kambini. Tukaomba Morogoro kama alivyotaka. Kisha, kwa kuhofia asije akakosa kote, nikaomba na chuo kingine, kozi ya sayansi ya wanyama. Kuomba zaidi ya chuo kimoja si kosa, hata leo ningefanya hivyo. Kosa lilikuja usiku mmoja wa wiki ya mwisho ya kuthibitisha.

Kwa wasiojua utaratibu: tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye vyuo, wala si kwa Tume ya Vyuo Vikuu kama ilivyokuwa tangu 2010. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Tume huwatangaza waliochaguliwa zaidi ya mahali pamoja, nao hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili wathibitishe chuo kimoja tu. Ukithibitisha hapa, kule nafasi yako inapewa mwingine. Ni namba fupi kuliko namba ya simu, na ndani yake yamo maisha ya mtu.

Namba ile iliingia kwenye simu yangu. Mpwa wangu alikuwa amechaguliwa kote kuwili: Morogoro miaka mitano, kule kwingine miaka mitatu. Nilikaa kwenye kigoda nje, nikapiga hesabu. Miaka mitano ya nauli kutoka Kibondo, ya chakula, ya godoro na vitabu, na mkopo hatujui kama utatoka wote. Nikampigia mwalimu mwenzangu. Akasema, "Mifugo ni mifugo. Atamaliza mapema, atapata kazi mapema." Nikaona amesema kweli, kwa sababu alisema nililotaka kusikia. Nikathibitisha ile ya miaka mitatu, nikalala vizuri.

Aliporudi kutoka kambini alikuwa mweusi kwa jua, amekonda, amechangamka. Alinipa shikamoo, nikampa barua ya kujiunga. Akaisoma amesimama. Kisha akaniuliza, "Mjomba, hii kozi inatibu?"

Nikamwambia inahusu mifugo.

"Samahani, Mjomba. Nimeuliza kama inatibu."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimeuliza. Mwongozo wa udahili wa Tume ulikuwepo, kurasa tele, kila kozi na sifa zake na miaka yake. Mimi, mtu ninayewachapa watoto kwa kutosoma swali hadi mwisho, nilisoma neno "wanyama" nikaishia hapo.

Uhamisho wa chuo unaruhusiwa, lakini nao una siku zake, tena unategemea kama kule unakotaka kwenda nafasi imebaki. Tulianza kuhangaika tumechelewa. Kusubiri mwaka mzima nyumbani shemeji hakukubali, na simlaumu: binti anayesubiri nyumbani kwetu hupata wachumba haraka kuliko anavyopata chuo. Akaenda. Alisoma kwa bidii, akahitimu na alama nzuri.

Sayansi ya wanyama ni taaluma kamili, na sitaki msomaji aidharau kwa ajili ya majuto yangu. Huko wanajifunza lishe, uzalishaji, uboreshaji wa mbegu, malisho, biashara ya maziwa na nyama. Ng'ombe wa milima yetu wanaotoa lita mbili kwa siku wanamhitaji mtu huyo kama wanavyomhitaji tabibu. Lakini mpwa wangu hakuomba kulisha, aliomba kutibu, na kazi hizo mbili sheria imezitenganisha. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari. Baraza ndilo humsajili daktari wa mifugo, na pia huwaandikisha wasaidizi waliosomea afya ya wanyama kwa ngazi ya cheti na stashahada. Mwenye shahada ya sayansi ya wanyama pekee hasajiliwi kama daktari wa mifugo, hata awe na alama za juu kuliko darasa zima la Morogoro. Swali nililopaswa kuuliza usiku ule lilikuwa moja: anayemaliza kozi hii anasajiliwa na baraza gani, na kwa cheo gani? Lingenigharimu simu moja.

Na kuchagua chuo kwa taaluma ya kutibu mifugo hakuna mambo mengi kama wazazi wanavyodhani. Shahada ya udaktari wa mifugo nchini kwetu makao yake ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, miaka mitano. Mafunzo hayo yalianza hapo mwaka 1976, pakiwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 ndipo pakawa chuo kinachojitegemea, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo huo kwa ajali ya gari hapo hapo mkoani Morogoro. Kabla ya mafunzo hayo kuanza, kijana wa nchini kwetu aliyetaka kazi hii alielekea Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Kabete bado inafundisha, na Makerere kule Kampala inafundisha, na mtu wa Kibondo akitazama ramani ataona Kampala iko karibu kuliko Morogoro. Anayetaka kwenda huko au ng'ambo zaidi aende, lakini kwanza aulize Tume kama shahada ile inatambuliwa, na Baraza kama litamsajili akirudi. Siku hizi kuna watu wanapita na vipeperushi vya rangi vya vyuo vya mbali, wanataka malipo ya awali kabla hujakaa kitini. Vipeperushi hivyo vina picha za nyasi za kijani na majengo ya kioo. Nimevitazama vyote, sijaona hata kimoja kinachosema mhitimu wake atasajiliwa wapi.

Ipo pia njia ya mzunguko, na ningeijua mapema ningemweleza mpwa wangu, kwa sababu ilikuwepo hata baada ya kosa langu. Jirani yangu hapa Kasulu ana mwana ambaye alama zake za kidato cha sita hazikufika. Hakukata tamaa. Alikwenda Kikulula, Karagwe, kwenye kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, akasomea stashahada ya afya na uzalishaji wa wanyama. Wakala huo una kampasi nyingine Tengeru, Mpwapwa, Mabuki, Buhuri na kwingineko. Alitoka na ufaulu mzuri, akafanya kazi kidogo, akaomba Morogoro kwa sifa linganishi, akapokelewa. Wakati wenzake wanatapika siku ya kwanza ya kupasua mzoga, yeye alikuwa ameshazalisha ng'ombe wa watu usiku kwa mwanga wa tochi.

Nasisitiza haya kwa sababu ya mahali tunapokaa. Buha si mahali ambapo ugonjwa wa mnyama humwacha mtu salama. Mabonde ya Malagarasi na Moyowosi yana mbung'o, na miaka ya 1930 wakoloni waliwahamisha watu wa huku na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa ajili ya malale. Leo makundi makubwa ya ng'ombe yameshuka kutoka Usukuma, mifugo inavuka mpaka wa Burundi bila pasi, kambi za wakimbizi zimekuwepo Nyarugusu na Nduta, na mbuzi anauzwa mnadani asubuhi, jioni yuko chunguni. Kimeta, kichaa cha mbwa, ugonjwa wa kutupa mimba: vyote hivi huanzia zizini na kuishia wodini. Kila binti wa Kibondo anayetaka kwenda kusomea kutibu mifugo na kurudi ni mali ya wilaya nzima, na mimi nilimpeleka mmoja njia nyingine kwa kuogopa nauli.

Hajanisema vibaya hata mara moja. Hilo limeniumiza kuliko kama angenisema. Anafanya kazi Kasulu kwenye kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo, anachanganya pumba, mashudu na madini kwa vipimo, na wafugaji wanamsifu. Kila mwaka mwezi wa saba ukifika, watoto wa mtaani kwetu huja kwake na karatasi zao kabla ya kwenda steshenari. Huwakalisha, hufungua mwongozo kwenye simu, na kumwambia kila mmoja asome jina la kozi kwa sauti, neno kwa neno, kisha aeleze asubuhi moja ya kazi ya mtu aliyeisoma. Anayeshindwa kueleza hurudishwa nyumbani akaulize. Namba ya siri hataki aishike mtu mwingine. Kama mtoto yuko JKT, mzazi huambiwa afanye kila njia mtoto apate kusema mwenyewe.

Mwaka jana tulikwenda pamoja Mabamba kumwona dada. Shemeji amepata mtamba mwingine, chotara pia, na asubuhi tuliyofika alikuwa amegoma kula. Tayari kijana wa dawa alikuwa mlangoni na begi lake, si yule wa zamani, mwingine. "Shikamoo, daktari," akamwamkia mpwa wangu, maana habari za shahada yake zilikwishafika.

"Marahaba. Mimi si daktari," akasema. "Subiri usichome."

Akavua viatu vya safari, akaingia zizini, akashika sikio la kushoto, akalipekua, kisha la kulia. Akapapasa chini yake polepole, macho yake yakitazama pembeni kama mtu anayesikiliza. Akafunua ufizi, akautazama rangi. Akatoka, akanawa mikono, akampigia simu daktari wa wilaya. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia.

"Ni kali, si baridi," alisema. "Tezi ndiyo kwanza inaanza. Njoo leo hii, na dawa uje nayo wewe."

Kisha akakaa chini kwenye ukuta wa zizi, akaanza kungoja.