Mahali pa Kujenga Kiwanja

Watu wakiambiwa kwamba kiwanja kipya cha kandanda kitajengwa mjini, huuliza kitachukua watazamaji wangapi, na fedha zake zitatoka wapi. Ni wachache waulizao kitajengwa mahali gani. Swali hilo huachiwa wapima ardhi, kana kwamba ni jambo la kamba na vigingi tu. Nakuomba, ewe msomaji, ukae nalo kidogo, maana ndani yake mna haki na dhuluma.

Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wangu 12 kutazama mchezo katika kiwanja kikubwa kilicho nje ya mji. Kwenda hakukuwa na taabu. Lakini dakika ya 70 ilipofika nilianza kuwanong'oneza kwamba yatupasa kuondoka, kwa sababu nilijua kuwa mchezo ukiisha nauli ya matatu itapanda maradufu, na fedha niliyokuwa nayo haikuzidi nauli ya siku zote. Tulipofika langoni tulisikia nyuma yetu shangwe za bao. Mvulana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, limefungwa na nani?" Sikuwa na jibu. Wenye motokaa zao walibaki vitini hata mwisho. Tiketi zetu na zao zilikuwa za bei moja, lakini wao walitazama dakika 90.

Tangu siku ile naamini kwamba achaguaye mahali pa kiwanja huchagua pia wageni wake. Akikiweka mahali pasipofikika ila kwa motokaa, amekwisha kuwafungia mlango wengi, ijapokuwa lango li wazi.

Hebu tuitazame klabu ambayo baadhi yenu mwaipenda kuliko hesabu. Arsenal iliundwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini-mashariki ya London. Kutoka katikati ya mji mpaka Woolwich ilikuwa safari ya kuchosha. Watazamaji wakawa haba, na mwaka 1910 klabu ilikuwa katika hatari ya kufa kwa ufukara. Mwaka 1913 Henry Norris, aliyekuwa akiiongoza, akaihamishia Highbury, ng'ambo ya pili ya mto Thames. Karibu na kiwanja kipya palikuwa na stesheni ya reli ipitayo chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1906. Katika macho yangu, Norris hakununua nyasi, alinunua stesheni. Watu wakaja kwa maelfu, na mwaka 1932 stesheni yenyewe, iliyokuwa ikiitwa Gillespie Road, ikapewa jina la Arsenal.

Ni hadithi ya kupendeza kwa aliyeshuka katika stesheni ile. Lakini mfikirie fundi wa Woolwich, ambaye klabu ilizaliwa mikononi mwake, na Jumamosi moja akaona kiwanja chake kitupu. Mfikirie pia mkazi wa Highbury. Wenyeji wa pale, pamoja na baraza la mtaa wa Islington, walipinga kiwanja kile, wasisikilizwe. Utaniambia kwamba waliofaidika walikuwa wengi mno kuliko waliohuzunika. Ni kweli, lakini wingi wa wanaocheka haumponyi anayelia. Huwarahisishia wengine kutomsikia tu.

Wala ukaribu wa reli si jambo la ramani peke yake. Mwaka 2006 Arsenal ilihamia kiwanja kingine kisichotimia kilometa moja kutoka kile cha zamani. Stesheni ya Holloway Road i jirani kabisa, lakini haikuundwa kubeba umati wa namna ile, na mchezo ukiisha hufungwa, watu wakaenda kutafuta stesheni nyingine kwa miguu.

Sasa turudi kwetu Nairobi. Uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, u karibu na mji hata mtu aweza kuufikia kwa miguu kutoka stesheni kuu ya reli. Ule wa Kasarani, uliotumiwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, uko kando ya barabara ya Thika, mbali na katikati ya mji. Nayo reli iendayo Thika hupita Makadara, Dandora, Githurai na Kahawa, wakaako watu wengi wasio na motokaa. Mtu akiniuliza kiwanja kingine kijengwe wapi, nitamwonyesha reli. Ila kuna tatizo ambalo siwezi kulificha: ardhi iliyo kando ya reli mara nyingi ndiyo iliyojengwa vibanda vya maskini, na kiwanja cha kumfaa maskini chaweza kuanza kwa kumbomolea nyumba. Basi mwenye kibanda aulizwe kabla ya ramani kuchorwa, na alipwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Akiulizwa baadaye, hiyo ni taarifa tu.

Juzi nilikutana na yule mvulana wa bao, ambaye sasa ni fundi wa umeme. Mama yake anakaa hatua chache kutoka kwenye reli. Nikamwuliza kama angependa kiwanja kijengwe upande ule. Akafurahi, akasema angependa sana. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, upande gani hasa?"