Orodha ya Watakaookoka

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wengi wenu mmeitazama filamu ya Greenland ya mwaka 2020. Nyota yenye mkia inaijia dunia, na serikali ya Marekani inachagua watu wachache wa kufichwa kwenye mahandaki. John Garrity anachaguliwa kwa kuwa ni mhandisi wa majengo. Lakini mwanawe anakataliwa kupanda ndege, kwa sababu ana kisukari.

Itazameni orodha hiyo: mwenye fani anapita, mgonjwa anaachwa. Sasa ilinganisheni na safina ya Nabii Nuhu (a.s.). Surat Hud inaeleza kwamba wakubwa wa kaumu walimdharau kwa sababu wafuasi wake walikuwa wanyonge (11:27). Wanyonge hao ndio waliopanda. Mwanawe wa kumzaa alitegemea mlima umkinge, akazama (11:42-43). Nasaba haikumfaa kitu.

Siku ya Kiyama hakuna handaki. Mtu atamkimbia nduguye, mama yake, baba yake, mkewe na wanawe (Abasa, 80:34-37). Shahada tunazokesha tukizitafuta zitabaki huku. Basi wakati wa kuiokoa familia ni sasa, kama tulivyoamrishwa tujikinge na Moto, sisi na ahli zetu (At-Tahrim, 66:6). Mdogo wako kule Buyenzi, nani anamwamsha kwa sala ya Alfajiri? Mama naye, unampigia simu kumjulia hali, au mpaka pesa zikuishie?

Wala tusidhani maafa ni ya sinema tu. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, mlangoni mwa jiji letu, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Walikuwemo wazee, wagonjwa na watoto. Muumini hamuulizi aliyefikwa na maji ana fani gani, wala ana dini gani, ndipo amsaidie. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande.

Ewe Mola wetu, tukutanishe na wazazi wetu na vizazi vyetu katika Pepo Yako, wala usitufanye wa kuwaacha wanyonge nyuma. Amin.

Wabillahi tawfiq.