Mzigo wa Mtu Usiyemjua

Kijana mmoja wa usharika wetu hapa Unyambwa, anayesomea kompyuta, aliniuliza baada ya ibada: "Mchungaji, ni dhambi kubeba ujumbe wa mtu nisiyemjua, bila kujua nimebeba nini?"

Alikuwa akifikiria kufungua kituo cha Tor, mtandao wa kuficha utambulisho unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Ujumbe hupita katika vituo vitatu. Kile cha mwisho huutoa nje, na huko nje huonekana anwani ya kituo hicho, si ya mtumaji. Lawama zikija, humwangukia mwenye kituo.

Nilitaka kumjibu kwamba mwenye haki hana cha kuficha. Nikajizuia. Luther mwenyewe, kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, alifichwa katika ngome ya Wartburg kwa jina la bandia, na humo akatafsiri Agano Jipya. Waliomficha walikaidi amri ya kaisari, nasi tunawashukuru.

Kijana akanieleza kwamba kwa kanuni ya kawaida ya Tor, kituo cha mwisho hufunga mlango nambari 25, ambao seva hupelekeana barua pepe, kwa sababu matapeli wangeutumia kumwaga barua taka. Milango ya tovuti huachwa wazi. Mwenye kituo anaweza kubadilisha.

Ni kama kondakta wa basi: hapekui kila begi, lakini dumu la petroli halipandi, hata likiwa la mama mwema mwenye mashine ya kukamua alizeti. Mama huyo ameonewa kidogo, ndiyo. Hata hivyo abiria wengine nao ni jirani zake.

Ila kufunga mlango ni nusu tu ya utii. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaeleza amri ya tano kuwa tusimdhuru jirani, tena tumsaidie. Anayefunga milango yote hamdhuru mtu, wala hamsaidii yeyote. Na kupitia ile iliyo wazi, uovu nao unaweza kupita. Mwenye kituo asijidanganye kwamba mikono yake ni safi kwa sababu ya kanuni.

Wenye Tor wenyewe wanashauri kituo cha mwisho kisiwekwe nyumbani. Nikamwuliza kijana, intaneti ya kwenu imesajiliwa kwa jina la nani?

"La baba."

Nikamwambia aanze kwa kuzungumza na baba.