Dau la Abubakari

Kijana mmoja wa bodaboda anayepaki jirani na madrasa yetu, Mbagala, haniulizi kama kubeti ni haramu. Hilo analijua tangu juzuu amma. Swali lake ni gumu zaidi: "Ustadhi, mimi sibahatishi. Najua nani majeruhi, nani yuko ugenini, kocha gani anatetereka. Nikiwekea hela jambo ninalolijua, kosa liko wapi?"

Mchana nafundisha hesabu sekondari, kwa hiyo huanzia huko. Mkeka wake una mechi kumi, kila moja odi 1.50. Kwa shilingi 1,000 anaahidiwa kama 57,000. Lakini ndani ya odi hiyo kampuni imeshakata chake. Tuseme kila timu ina nafasi 62 kwa mia. Zidisha hizo nafasi kumi zote: haifiki hata 1 kwa mia.

Hakukata tamaa. Akanionyesha kwenye simu soko la utabiri la Marekani, aina ya Kalshi, ambako matokeo ya mechi za vyuo yananunuliwa na kuuzwa kama hisa. Mkataba wa timu fulani kushinda ukiwa senti 62, soko linaipa nafasi 62 kwa mia. Ikishinda unalipwa dola 1. Ikifungwa hupati kitu. Wa upande wa pili kaweka senti 38, na mwenye soko anakula ada. Kihesabu ni safi kuliko mkeka, sitabisha.

Tena watetezi wa soko hilo wana hoja nzito kuliko wanavyodhani. Abubakari Swiddiq, swahaba wa Mtume, aliwekeana dau la ngamia na Ubayy bin Khalaf kule Makka, kwamba Warumi waliopigwa na Waajemi watashinda ndani ya miaka michache, kama isemavyo Suratur Rum. Hakuwa akikisia; alikuwa na wahyi. Akashinda. Wafasiri wanasema kamari ilikuwa haijaharamishwa bado, na katika riwaya mojawapo Mtume alimwagiza ngamia wale awatoe sadaka. Basi kama ujuzi wa namna ile haukufanya ngamia wale waliwe nyumbani kwake, sembuse habari za majeruhi wa Jumamosi?

Suratul Maida aya ya 91 inapoeleza ubaya wa kamari inataja uadui, chuki na kusahaulishwa swala. Odi haimo. Ndiyo maana hesabu ikinyooka mimi ndipo ninapozidi kuogopa: kwenye mkeka unaliwa na kampuni, kwenye soko lile senti zako zinawinda za mtu kama wewe. Mkulima wa Mkuranga naye haijui mvua ya kesho, lakini akivuna muhogo hakuna aliyelazimika kulala njaa ili yeye avune.

Na katikati ya hao wanaowindiana senti yupo mwanafunzi anayecheza mechi yenyewe. NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo huko, wamelalamika kwamba wachezaji wanatumiwa matusi na vitisho na watu waliopoteza dau. Kijana wa miaka 19 kakosa kikapu tu! Mimi nimesimamia timu ya shule kwenye UMISSETA. Nimeona wazazi wawili wakishikana mashati kwa sababu ya penalti, na hapakuwa na hata shilingi iliyowekwa.