Je, Ni Haki Kumcheka Anayeuliza?

Maji ya moto na maji baridi yakitiwa pamoja katika jokofu, ni yapi yatakayoganda kwanza? Kila mtu hujibu upesi: yale baridi. Na hoja anayo, kwani yale ya moto hayana budi kwanza kupoa hadi pale wenzao walipoanzia.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Vijana pale walizoea kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa hofu ya kukosa nafasi, Mpemba aliyaingiza yake yakingali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, huko Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wanafunzi wakapata neno la kumtania. Kumbe wauza aiskrimu wa Tanga walikwisha kumweleza kijana huyo kwamba wao hutumia maziwa ya moto makusudi, ili yagande upesi! Lakini nani aliyewauliza hao?

Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni kuzungumza. Mpemba akauliza, wenzake wakacheka. Mgeni akajibu kwamba hajui, ila atajaribu. Akajaribu kweli: maji yaliyoanza na joto la digrii 25 hivi yalichelewa kuliko yote kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na digrii 90 yalitangulia mbali. Mwaka 1969 wawili hao walitoa habari hiyo pamoja.

Yawezekanaje? Hoja ile ya kwanza yadhani kwamba maji yaliyopoa hadi digrii 25 ni sawasawa na yale yaliyoanzia hapo. Sivyo. Yaliyotoka katika moto yangali yakizunguka ndani ya chombo. Ya juu yana joto kuliko ya chini, na joto hutoka hasa kwa juu. Tena mengine yamekwenda na mvuke, na chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikagusana vema na ubaridi.

Lakini mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima tena, wasione ushahidi wa kutosha. Walionyesha kuwa kuhamisha kipimajoto sentimeta moja tu kwaweza kumdanganya mpimaji. Ubishi haujesha.

Je, basi waliomcheka wamepata haki? Hata kidogo. Kosa lao halikuwa kukosa jibu, bali kuitumia hoja nzuri ili wajiepushe na taabu ya kutazama. Mtu atasema mwalimu hawezi kufuata kila wazo la mtoto. Ni kweli, madarasa ni makubwa. Lakini neno “sijui” halichukui muda.

Mwenye jokofu nyumbani na ajaribu pamoja na watoto wake: bakuli mbili za namna moja, maji ya kipimo kimoja, ya moto katika moja na baridi katika nyingine. Azibadilishe mahali mara ya pili, maana pembe zote za jokofu hazina ubaridi sawa.