Behewa la 37

Mama mmoja wa Mombasa, mwalimu mstaafu, alikwenda Ujerumani kumtembelea mtoto wa kaka yake anayeishi Wuppertal. Alifikia kwanza kwa rafiki yake Berlin, na siku ya safari akapanda hadi ghorofa ya juu ya stesheni kuu, zinakopita treni za kwenda magharibi. Tiketi alikuwa nayo kwenye simu. Kijana alimkatia mapema, ya bei nafuu, na kila kitu kiliandikwa humo: saa, nambari ya treni, behewa la 27, nambari ya kiti.

Abiria wa treni ya Mombasa hadi Nairobi amezoea kuangaliwa. Mizigo hukaguliwa, kitambulisho na tiketi hutazamwa kabla hajafika jukwaani. Ujerumani stesheni ziko wazi kama soko. Hakuna geti, hakuna askari wa kukuzuia. Unapita, unapanda, unakaa. Uwazi huo ni heshima kubwa kwa abiria, lakini unamwachia mzigo wote: kuhakikisha kwamba treni ndiyo, behewa ndilo, na tiketi inafaa. Mgeni huona kimya cha watu akadhani amepatia.

Treni ilipoingia, mlango uliosimama mbele ya mama ulikuwa wa behewa la 37. Akaingia, akaona kiti kitupu dirishani, akakaa. Treni si ni moja? Kumbe zilikuwa mbili zilizoungwa pamoja, na kutoka moja kwenda nyingine hakuna njia ya ndani. Mabehewa yenye nambari za ishirini na kitu yalikuwa ya Köln kupitia Hagen na Wuppertal. Yale ya thelathini na kitu yalikuwa ya Düsseldorf kupitia Dortmund na Essen. Zinakwenda pamoja kutoka Berlin, zinapita Hannover na Bielefeld, zikifika mji wa Hamm zinafunguliwa, kila moja inashika njia yake. Habari hiyo imeandikwa kwenye ubao wa jukwaani na kwenye kioo kidogo kando ya kila mlango wa behewa. Jukwaa lenyewe limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, ili abiria ajue asimame wapi behewa lake limkute.

Baada ya Hannover mkaguzi alipita. Akaisoma tiketi kwa mashine yake, akasema maneno kwa Kijerumani, akanyoosha kidole kuelekea mbele ya treni. Mama hakuelewa. Aliona haya kusema hajaelewa, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, na mkaguzi akaenda zake akijua ameshamwambia. Kiingereza mama anakijua vizuri, amekifundisha maisha yake yote, na mkaguzi bila shaka angemweleza kwa lugha hiyo. Swali moja tu lingetosha. Kulikuwa na vituo vya kushuka na kuhamia mbele kabla ya Hamm.

Hamm treni ikasimama kitambo, matangazo yakapigwa, watu wachache wakatoka mbio na masanduku. Mama alibaki kitini. Simu ililia alipokuwa anaingia Dortmund.

“Shangazi, shikamoo. Mmeshapita Hagen?”

“Marahaba, mwanangu. Hapa naona wameandika Dortmund.”

“Dortmund! Basi shuka hapo hapo, Shangazi. Panda treni ya RE4, inakuja moja kwa moja mpaka kwetu.”

Maelekezo ya treni yalikuwa sahihi, lakini suala la tiketi halikutajwa. Tiketi za bei nafuu za Ujerumani hufungwa kwenye treni ile ile iliyoandikwa, na njia ile ile. Mama aliingia RE4 akiamini kwamba aliyelipia safari ndefu hawezi kudaiwa kipande kifupi. Mkaguzi wa pili alimsikiliza kwa adabu, akaomba pasipoti, akamwandikia faini ya euro 60. Tiketi ya kutoka Dortmund hadi Wuppertal isingefika nusu ya fedha hizo.

Kukosea behewa ni jambo la kawaida, hata Wajerumani wenyewe hukosea. Kilichomponza mama ni kunyamaza mara mbili. Angemwendea mkaguzi mwenyewe mara tu alipojua amepotea, au angekwenda kwenye ofisi ya tiketi Dortmund kabla ya kupanda, angesaidiwa, au kwa ubaya zaidi angeuziwa tiketi ya kawaida. Anayesema kabla ya kuulizwa husikilizwa kama mtu aliyepotea. Anayekutwa kitini huhesabiwa kama asiye na tiketi, na nia yake haiandikwi kwenye fomu.

Wengine hunaswa na tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo bei yake imepanda tangu hapo. Ni nzuri mno kwa mgeni mwenye muda, lakini haifai kwenye treni za mwendo kasi. Tena hujirudia yenyewe kila mwezi: usipoivunja kufikia tarehe 10, utakuwa umesharudi Tanga au Lamu, na akaunti yako inaendelea kukatwa.

Lakini lawama nyingi nazipeleka kwa wenyeji wetu walioko huko. Aliyeishi Ujerumani miaka mingi ameshasahau kwamba kuna wakati hakujua. Humkatia mama yake tiketi, humtumia picha ya msimbo, akaona amemaliza. Huo msimbo ni wa mashine. Mzazi mwandikie kwa Kiswahili: nambari ya behewa, herufi ya kusimama jukwaani, stesheni ambapo treni itagawanyika, jina la mji unaopaswa kuonekana mlangoni. Mwambie pia kwamba treni ikichelewa kiasi cha kumfikisha dakika 20 au zaidi baada ya wakati, kifungo cha tiketi yake kinafunguka na anaweza kupanda nyingine. Na mpe sentensi moja ya Kijerumani iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ya kumwonyesha mfanyakazi yeyote wa reli: nakwenda Wuppertal, je, hapa ndipo?